Wazee Wepesi na Harufu ya Nyumba Yangu

Machi 3

Binti yangu ameniletea daftari lenye maua kwenye jalada. Anataka kila jioni niandike humo jambo moja ambalo umri umenifundisha kuhusu kuishi kwa furaha. Anasema wapo akina mama wa rika langu wanaofanya hivyo na presha zao zimeshuka. Nilimuuliza ya kwake imepanda au imeshuka tangu aolewe. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso, akakimbia kabla mvua haijamkuta njiani.

Nina miaka sitini na sita. Karibu nusu yake niliimalizia kwenye dobi la hospitali, kwanza nikifua mashuka, baadaye nikiwasimamia wanaofua. Hakuna uchafu wa mwanadamu ambao sijauona ukielea kwenye pipa. Nilipostaafu nilijiambia, sasa nitafua vya kwangu tu na roho itatulia. Kumbe. Nina mume ambaye naye kastaafu na anashinda nyumbani, nina wifi mgonjwa kwenye chumba cha uani, na mvua imeanza jana, kwa hiyo mpaka mwezi wa tano nitaanika nguo sebuleni, tunapita chini yake tumeinamisha vichwa kama wezi.

Fundisho la leo: ukistaafu, mumeo asistaafu.

Machi 5

Mvua. Nguo hazikauki. Nyumba inanuka.

Machi 7

Mume wangu amerudi kwenye kikundi chake uso unang'aa. Niandike kuhusu hicho kikundi, maana binti yangu akisoma atadhani nasingizia.

Ni wazee wastaafu, wanakutana kila Jumamosi kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Wanajiita Wazee Wepesi. Imani yao ni kwamba mtu akishakula chumvi nyingi, furaha yake inatokana na vile anavyoviacha. Basi kila wiki mmoja anasimama mbele na "kutua". Anataja mzigo mmoja unaomnyima raha, anasema ameuweka chini, wenzake wanapiga makofi. Ukishatua hakuna kuokota tena. Na wanakuja mpaka nyumbani kwako kuhakikisha. Mwenyekiti wao alikuwa mkaguzi wa shule, naye kukagua hakujamtoka mwilini.

Mmoja alitua chumvi, na mpaka leo wanamwita Mzee Chumvi, mwembamba, mdomo umemkauka, analala na kuamka akiitamani. Mwingine katua mkwewe. Mwingine katua tai, sijui tai ilimkosea nini. Mume wangu alianza na magazeti, kisha akatua hasira. Tangu aitue, mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba ya nyumba nzima.

Na sasa ana mahubiri. Maji ya uvuguvugu asubuhi. Chai jioni hapana, inaleta uzito. Kuoga mara mbili kwa sabuni ya maua, ambayo ikichanganyika na nguo mbichi za sebuleni inanipandisha kichefuchefu. Na kitanda chake anatandika mwenyewe. "Mtu mwepesi hamwachii mwenzake shuka lake, mama watoto," kaniambia. Huyu ni mtu ambaye tangu anioe hakuwahi kujua mashuka yanakaa kabati gani. Vitanda vyetu ni viwili kwa sababu ya mikoromo yake, hivyo sikubishana naye. Nilishukuru hata. Nikasema, angalau hicho kikundi kimezaa kitu.

Machi 9

Leo ni zamu ya wifi.

Ni dada mkubwa wa mume wangu, na yuko chumba cha uani tangu miguu ilipomkatalia. Anajipaka dawa ya kuchua inayotoa machozi hata kwa anayepita nje. Anatema mate kwenye kopo la maziwa, kisha analifunika kwa sahani yangu ya wageni. Anachokonoa meno kwa pini ya nywele, halafu ile pini anairudisha kichwani. Nilipompelekea chai aliionja akaniangalia. "Wifi, haya maji umeoshea nini?" Akayanywa yote, akaomba tena.

Mama yao alikufa mapema, yeye ndiye aliyemlea mume wangu. Tangu niolewe hajaacha kunikumbusha kwamba niliokota kitu kilichokwisha kufuliwa na kupigwa pasi.

Kwenye kapu lake la nguo chafu nimekuta shuka limelowa chapachapa. Si la kwanza mwezi huu. Nikajua ile harufu ya nyumba inatoka wapi.

"Wifi," nikamwambia, "kama hufiki chooni sema, nikuwekee ndoo."

Huyu ni mwanamke ambaye hakuna neno linalompita bila jibu. Aligeuza uso ukutani. "Weka ndoo," akasema.

Machi 11

Shuka jingine. Nimelichemsha jikoni, dirisha limejaa mvuke, mvua inapiga kwenye bati. Mashuka ya nyumba hii ni meupe yote, ya kipimo kimoja, niliyanunua kwa mkupuo nilipostaafu. Ni mazoea ya hospitali, vyeupe unavichemsha pamoja na huna haja ya kujua lipi la nani. Nimesimama juu ya ile sufuria nikawaza, nilitoka hospitali, hospitali ikanifuata.

Machi 12

Mvua. Shuka. Sitaki kuandika.

Machi 14

Mume wangu ametua dada yake.

Alisimama mbele ya wenzake leo akasema mzigo unaomnyima raha ya uzee ni dada yake. Kwamba nyumba inanuka, mkewe anachoka, wageni hawaji. Wakapiga makofi. Aliniambia akiwa anakula, huku akipuliza supu, kwa ile sauti yake mpya isiyo na hasira ndani.

"Nampeleka kwa binamu yetu," akasema. "Mvua ikikatika tu, barabara ikipitika."

"Binamu gani?"

"Yule mwenye ghala."

"Yule ambaye msiba wa baba yenu alituma salamu kwa jirani?"

"Watu hubadilika, mama watoto. Mwenyekiti anasema kumchukia mtu ni mzigo, na kumbeba mtu ni mzigo. Unachotakiwa ni kumtakia heri kwa mbali."

Huyo binamu anakaa mwendo wa siku nzima kwa basi. Amesema atamwekea kitanda nyuma ya ghala, karibu na mlinzi.

Naandika kama ilivyo, maana daftari ni langu: nilifurahi. Nilikiona kile chumba cha uani kikiwa kitupu, nimefunga kamba toka ukuta hadi ukuta, nguo zangu zinakauka na hakuna anayetema. Nimeosha vyombo nikiimba.

Machi 17

Mvua kubwa. Wifi kaniuliza kama nimekufa au ni chai tu imekufa.

Machi 21

Wamekuja kukagua, Mwenyekiti, Mzee Chumvi na wengine wawili, viatu vina tope mpaka kwenye zulia langu. Mwenyekiti alifungua mlango wa chumba cha uani bila kubisha, akachungulia, akavuta pumzi kwa pua akaziba pua kwa leso. Wifi alikuwa amekaa kitandani anasuka nywele zake chache.

"Bado yupo," Mwenyekiti akasema, kana kwamba anazungumzia panya.

"Barabara, Mwenyekiti," mume wangu akasema. "Barabara haipitiki."

"Tutarudi mvua ikikatika."

Mume wangu aliwasindikiza akiwa amekunja mabega. Kumbe bado hajamwambia dada yake chochote. Jioni aliniomba nimwambie mimi. "Wewe ni mwanamke, unajua namna ya kuongea naye." Nikamwambia mimi nafua mashuka ya dada yake, sikuahidi kumfulia na yeye aibu zake. Nilipoenda kuchukua sahani, wifi mwenyewe akalianzisha.

"Ukuta wenu ni mwembamba, wifi. Ni ghala la nini?"

"Mbolea, nadhani."

"Afadhali," akasema. "Huko hawatajua ni nani anayenuka."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na yeye akacheka na mapengo yake yote, akatema kwenye kopo.

Machi 23

Shuka. Safari hii nilimfokea. Nilimwambia ndoo ipo, taa ipo, mkongojo upo, na mimi si mtumwa wa mtu. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama magoti yangu bado yananiuma nikipanda ngazi, akanisogezea ile dawa yake ya kuchua. Niliikataa. Baadaye nilirudi nikaichukua. Inanuka, lakini inasaidia.

Machi 27

Mvua. Magoti nafuu.

Machi 30

Jirani amenong'oneza kwamba mwanamume mzee anayeanza kuoga mara mbili kwa sabuni ya maua ana mtu nje. Nimemwangalia mume wangu akivaa soksi, ulimi nje, dakika nzima kwa mguu mmoja. Nimemwambia jirani, kama yupo anayemtaka aje na begi.

Aprili 2

Naandika haraka, mniwie radhi kwa mwandiko.

Alfajiri niliamshwa na maji yanayodondoka jikoni, bati limeachia tena. Nilienda kuweka beseni. Kitanda cha mume wangu kilikuwa kitupu, nikadhani yuko chooni. Jikoni kuna dirisha linalotazama uani, na mwanga ulikuwa umeanza kuingia. Nikamwona. Yuko mvuani na pajama, mwavuli mkono mmoja, kwapani kabana furushi jeupe. Alikwenda kwa kunyata mpaka kwenye dirisha la dada yake, ambalo halina kioo, lina pazia tu. Akalisogeza pazia. Akaingiza lile furushi ndani.

Mkono ulitoka ukalipokea. Mkono wa wifi. Haukusita, kama vile mtu anapokea mkate kwa muuzaji aliyemzoea.

Mume wangu akarudi ndani kwa kunyata. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko. Nikasikia bomba la bafuni, kisha harufu ya ile sabuni ya maua ikaja mpaka nilipo.

Alipotoka kwenda matembezi yake ya afya nilikwenda kwenye kitanda chake. Kimetandikwa vizuri, kona zimekunjwa kama za hospitali. Nikafunua. Chini ya shuka ametandika koti lake la mvua. Chini ya koti, godoro lina ramani juu ya ramani, zingine za zamani. Nimeinama nikanusa, mimi mwenyewe, kwa hiari yangu. Harufu ya nyumba yangu ilikuwa pale, futi chache kutoka kwenye mto wangu.

Mashuka yote meupe. Yote ya kipimo kimoja. Nilijiwekea mtego kwa mikono yangu, na nimekuwa nikimtukana mwanamke asiyeweza kutembea kwa mkojo wa mtu anayetembea kila asubuhi kwa ajili ya afya.

Nimeona mengi kwenye yale mapipa. Sijawahi kuchefuka vile. Mkojo haunichefui, mkojo ni maji tu. Aliyenichefua ni yule wa Machi 14 aliyekaa mezani kwangu, akapuliza supu, akasema nyumba inanuka.

Nilikwenda kwa wifi. Shuka lilikuwa tayari kwenye kapu.

"Nimeona," nikamwambia.

Kisha akapapasa kitanda nikae, na kwa mara ya kwanza nilikaa juu ya kile kitanda. Kikavu. Godoro kavu kabisa.

"Alikuwa anakojoa kitandani mpaka anaingia darasa la tano," akasema. "Baba alikuwa na mkanda. Kila asubuhi alikuwa anapita kuangalia matandiko. Basi nikiamka mimi kabla yake, nambeba mdogo wangu namlaza kwangu, kwenye pakavu, mimi naenda kulala pake. Baba akija anakuta mimi ndiye nimelowa."

"Na mkanda?"

"Mtoto wa kike mkubwa hivyo, baba aliona haya kumchapa sana. Alinichapa kidogo." Akachomoa pini yake ya nywele, akaitazama, akairudisha. "Alipoanza tena hakuniambia kitu. Alikuja tu dirishani siku moja na shuka, amesimama vilevile kama alivyokuwa anasimama. Ningefanya nini, wifi? Nikalipokea."

"Na sasa anakutupa ghalani kwa sababu unanuka."

"Hanitupi mimi. Anatupa lile shuka. Mimi niko tu ndani yake."

Nikamwambia naenda kumkabili sasa hivi. Akanishika mkono, mshiko wa koleo, sikujua ana nguvu zile. "Usimwambie. Akijua kwamba unajua, hatakuangalia tena machoni. Niapie mdomo wako hautasema."

"Utakwenda ghalani?"

"Nitakwenda. Niapie."

Nikaapa, kwa hasira. Nilimwapia kwamba mdomo wangu hautasema.

Aprili 3

Nimekula jikoni nimesimama. Siwezi kumtazama akitafuna.

Aprili 6

Mvua kubwa. Ashukuriwe anayeileta. Sikujua nitafika umri wa kuombea nguo zangu zisikauke, lakini kila nikisikia bati likipigwa nahesabu ni siku nyingine ambayo basi haliendi.

Aprili 9

Binti yangu kaja, kataka kusoma daftari. Nimelikalia. Kasema, "Mama, unaandika mambo ya kukufurahisha lakini?" Nikasema sana.

Kamwuliza baba yake siri ya kung'aa hivyo. Akasema siri ni kutokuwa na siri, kutokubeba cha jana. Nilikuwa namenya viazi. Nilimenya kimoja mpaka kikaisha.

Kisha, binti yetu alipoinuka kuaga, baba yake naye akainuka, nikaona jinsi alivyopitisha mkono nyuma ya suruali, haraka, kuhakikisha. Anafanya hivyo kila anapoinuka. Pengine ni mwaka sasa anafanya hivyo na mimi nilidhani anajipangusa vumbi. Nilitaka kuendelea kumchukia kikamilifu na akaniharibia.

Aprili 11

Leo amerudi kikundini na mpango kamili. Mwenyekiti ameshampigia simu binamu. Gari la Mwenyekiti litampeleka wifi stendi, na wazee wote watakuja kushuhudia, maana hakuna aliyewahi kutua mtu mzima wa damu yake. Ni heshima kubwa, kasema. Sauti ile ile. Lakini hakumaliza chakula.

Nilijaribu. "Baba watoto," nikasema, "daktari wa wazee yuko bure Alhamisi, pale pale hospitalini kwangu. Kwa mambo yoyote. Miguu, macho, kibofu."

"Mimi niko mwepesi," akasema, akaenda kuoga.

Aprili 15

Manyunyu tu. Wifi ananifundisha ushonaji wake wa vishikizo ambao ni mbaya kuliko wangu, na anaamini ni bora. Nashinda kule chumbani. Ananuka dawa, anatema, anaitukana chai yangu. Nimezoea kopo. Sijazoea sahani yangu kulifunika.

Aprili 19

Nimemuuliza haoni uchungu. Kasema uchungu upo, lakini hana pa kuuweka, chumba ni kidogo. Kisha akageukia ukutani na mabega yakawa yanatikisika. Nilimpaka dawa miguuni mpaka akalala. Mikono yangu bado inanuka ninapoandika hapa na sijainawa.

Aprili 24

Hakuna mvua. Siku nzima nimeangalia mawingu kama mkulima, nayaita.

Aprili 28

Barabara imefunguliwa. Jumamosi hii.

Wifi amefunga begi lake. Nguo chache, pini, dawa, kopo. Kaniuliza kama anaweza kwenda na ile sahani. Nimesema chukua. Nilivyochukia nikilisema.

Mei 2

Jumamosi. Naandika mchana, meza imetolewa uani, kwenye jua.

Jua lilitoka asubuhi kweli, la kwanza la maana tangu Machi. Mume wangu alikwenda kwa kinyozi anyolewe kwa ajili ya heshima yake kubwa. Mimi nilimvalisha wifi, nikamkalisha kwenye kiti mlangoni, begi pembeni. Nilitazama jua, nikatazama nguo zangu zinazonuka, nikafanya ambacho kila mwanamke mwenye akili anafanya mvua ikiisha. Nilitoa vitu vya ndani nje. Zulia. Mito. Kisha godoro langu. Kisha nililivuta godoro la mume wangu, peke yangu, magoti yakilia, nikaliegemeza kwenye ukuta wa uani, ramani zake zote zikiangalia geti.

"Wifi," kanong'ona. "Uliniapia."

"Mdomo wangu umesema nini?"

Kabla hajajibu, gari la Mwenyekiti likaingia na jingine nyuma yake. Walikuwa wamempitia mume wangu kwa kinyozi. Alishuka kidevu kimenyolewa kinang'aa, wazee wamemzunguka kama bwana harusi. Akaliona godoro. Akasimama. Mkono ukaenda nyuma ya suruali.

Wazee nao wakaliona. Mwenyekiti akatoa leso.

"Jamani," akasema. "Hebu tazameni. Huu ndio mzigo ndugu yetu aliokuwa ameubeba. Na hakuwahi kulalamika." Akaanza kupiga makofi, taratibu, na wenzake wakafuata.

Wifi alikuwa ameshika mkongojo. Aliinuka, sijui kwa nguvu gani, akalielekezea godoro kidole.

"Langu hilo," akasema kwa sauti kubwa. "Nisameheni kwa uvundo. Haya twendeni, basi litaniacha."

Akainama kuchukua begi. Makofi yakaendelea kidogo. Mimi niliuma meno, kiapo ni kiapo. Nilimtazama tu mume wangu, na nadhani kwa miaka yote ya ndoa sijawahi kumtazama hivyo, kwamba ukikaa kimya sasa, baba watoto, utalala kavu mpaka ufe lakini si nyumba moja na mimi.

Yeye hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia mkono wa dada yake kwenye begi. Mzee wa miaka sabini amesimama na kidevu laini cha mtoto.

Akatembea. Akalichukua lile begi, akaliweka chini.

"Dada, keti."

"Basi litaniacha, mdogo wangu."

"Keti, dada. Tafadhali." Kisha akawageukia. "Godoro ni langu."

"Lako kivipi?" Mwenyekiti akauliza. Mkaguzi ni mkaguzi.

"Nalilalia mimi. Huo mkojo ni wangu. Yeye hanuki. Ni mimi." Sauti ile mpya ilikuwa imekwisha, ilikuwa ile ya zamani, ya kukwaruza. "Na kuhusu mzigo niliowaambia nimeutua, niliwadanganya. Haendi popote."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu aliyetua tai akaanza kukagua kucha zake. Mzee Chumvi aliangalia viatu vyake kwa muda mrefu. Wifi alikuwa amekaa na leso usoni, na mume wangu amesimama nyuma ya kiti chake, mkono kwenye mgongo wa kiti, hajui aupeleke wapi.

Mwenyekiti akawaambia wenzake wamsubiri garini. Walipotoka getini alinisogelea, akainamisha kichwa kana kwamba anakagua zulia.

"Shemeji," akasema chini chini, "jua peke yake linatosha? Au kuna kitu unapaka kwanza?"

Nilimtazama. Leso iliyokuwa mkononi mwake, ile ya kuzibia pua kwenye chumba cha wifi, ilikuwa inanuka maua. Sabuni ile ile.

"Siki," nikasema. "Siki na maji, kisha jua. Na Alhamisi kuna daktari."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka. Mzee Chumvi alitoa kichwa kwenye dirisha la gari.

"Siki kiasi gani?" akauliza.

Nilichefuka nao wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na usafi wao, na makofi yao, na walivyowaacha watu wengine wanuke kwa niaba yao. Nikamwambia vikombe viwili kwa ndoo.

Mei 4

Mume wangu haongei na mimi. Anaongea na dada yake, dirishani, pazia limefunguliwa. Sikusikiliza. Nilisikia akilia, nikaenda mbele kupalilia.

Mei 7

Alhamisi. Amekwenda hospitali. Nilimwona binti yangu akimsindikiza, kwa hiyo sasa anajua na atataka daftari. Atalipata.

Amerudi na vidonge. Kikundi, kasema, kimeahirisha kukutana. Wanachama wengi walikuwa kwenye foleni.

Mei 9

Asubuhi, mchana kweupe, mume wangu alikuja uani amebeba shuka lake mwenyewe, akasimama mbele ya beseni langu. Hajui kuloweka. Ana miaka sabini na hajui kuloweka. Alilitumbukiza lote na maji ya moto juu.

"Maji baridi, wewe," wifi akapiga kelele kutoka kwake. "Moto unapika doa."

Akamwaga, akaanza upya, akanimwagia miguuni. Wifi akacheka mpaka akakohoa, akatema kwenye kopo, na ile sahani, ambayo nilidhani niliondokana nayo, ikarudi juu ya kopo. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya hao wawili, najipaka dawa magotini, nanuka kama wao. Nimechukizwa na kila mmoja. Sikuinuka kwenda ndani.

Mwanangu, uliomba fundisho, chukua hili kutoka kwa mama yako, na ulifanyie kazi mapema: nunua mashuka ya rangi tofauti.